Jinsi ya kusaka protini zinazomfichua tegu ndani ya farasi

Tegu wa farasi ni mjanja wa kujificha. Hatagi mayai kila siku kama minyoo wengine. Humega pingili za mwisho wa mwili wake zilizojaa mayai, nazo hutoka na kinyesi kwa mafungu yasiyo na ratiba: leo zimo, kesho hazimo. Ukichukua kinyesi siku isiyo yake ukakitia chini ya darubini, utaandika "hana tegu" huku farasi akiendelea kuwabeba. Njia ya kuzungusha kinyesi kwa sentrifuji na kuyaelesha mayai, ilipolinganishwa mwaka 1992 na farasi waliopasuliwa, iliwapata kama 61 tu kati ya kila farasi 100 wenye tegu. Hapo ndipo protini zinapoingia. Yai lina siku yake, lakini tegu aliye hai humwaga protini muda wote, na mwili wa farasi huzijibu kwa kutengeneza kingamwili.

Mwongozo huu ni wa mtafiti kijana, mwanafunzi wa uzamili au daktari wa mifugo mwenye maabara nyuma yake, anayetaka kutafuta protini inayofaa kuwa kiashiria. Mnyoo mwenyewe ni Anoplocephala perfoliata. Wapo wenzake wawili, Anoplocephala magna na Anoplocephaloides mamillana, ila perfoliata ndiye anayepatikana zaidi na ndiye anayeleta madhara. Hukaa pale utumbo mwembamba unapomwaga chakula kwenye utumbo kipofu, akijishikiza kwa vinyonyeo vinne bila ndoano yoyote. Anaposhika huacha vidonda na uvimbe. Mwaka 1998 Proudman na wenzake wa Liverpool walikadiria kwamba takriban visa 81 kati ya 100 vya kuziba kwa mwisho wa utumbo mwembamba, na 22 kati ya 100 vya msokoto wa tumbo (maumivu ya mkazo wa utumbo), vilihusiana na tegu huyu.

Kabla ya kushika pipeti: unauliza nini?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, tena bila mtu kugundua. "Je, farasi huyu ana tegu?" ni maswali matatu yaliyovaa kanzu moja.

Swali la kwanza: je, amewahi kukutana na tegu? Hilo hujibiwa na kingamwili za damu, na kwa farasi anayelishwa malishoni jibu mara nyingi ni ndiyo. Tegu huyu hupitia kwa utitiri wadogo wanaoishi kwenye udongo na nyasi. Utitiri hula mayai, lava hukua ndani yao kwa miezi miwili hadi minne, na farasi huwameza pamoja na majani.

Swali la pili: je, anao sasa hivi? Hapa unahitaji protini ya mnyoo mwenyewe, aghalabu ndani ya kinyesi, au kingamwili inayoshuka upesi mnyoo akiondoka.

Swali la tatu: je, anao wengi kiasi cha kumdhuru? Watafiti wengi hutumia tegu 20 kama mpaka. Farasi mwenye tegu watatu na mwenye tegu mia mbili hawahitaji uamuzi mmoja.

Chagua moja, uliandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kila hatua inayofuata, kuanzia sampuli hadi hesabu, hubadilika kulingana na swali hilo. Kuna pia wanaotafuta protini za farasi mwenyewe zinazopanda wakati wa ugonjwa, kama amiloidi A ya seramu. Sikushauri uanzie huko: hupanda kwa uvimbe wa aina yoyote, hata wa jeraha la mguu.

Hatua ya 1: Panga farasi wako

Mashine ya kisasa haiwezi kuokoa sampuli zilizopangwa vibaya. Unachohitaji kuliko kitu kingine ni farasi waliopasuliwa baada ya kufa, tegu wao wakahesabiwa mmoja mmoja, na ambao damu, mate na kinyesi vyao vilichukuliwa siku hiyohiyo. Machinjio yenye kibali na vyumba vya kupasulia mizoga ndiyo vyanzo vyako. Pata kwanza ruhusa ya wenye mifugo na ya kamati ya maadili.

Fungua utumbo kipofu wote na mwisho wa utumbo mwembamba, osha taratibu, hesabu. Usitosheke na "wapo wachache". Andika namba. Andika pia minyoo wengine uliowaona, hasa strongili na askaridi (wote ni minyoo mviringo wa utumbo) na mabuu ya nzi Gasterophilus tumboni, na ukague ini na mapafu kama kuna malengelenge ya Echinococcus. Huyo naye ni jamii ya tegu, na damu ya farasi aliye naye inaweza kukidanganya kipimo chako.

Sasa mtego wenyewe. Farasi aliyepasuliwa akakutwa hana hata tegu mmoja si lazima awe "hasi" unayemtaka. Huenda alipewa dawa miezi miwili iliyopita, tegu wakaisha, kingamwili zikabaki. Kipimo cha damu kitamwita chanya, nawe utakilaumu kipimo bure. Kwa hiyo tafuta makundi matatu: wenye tegu kwa hesabu tofauti, wasio na tegu lakini waliokulia malishoni, na wale waliofugwa bandani bila kula nyasi za malisho, ambao uwezekano wa kumeza utitiri ni mdogo mno. Kundi la tatu ni adimu. Likipatikana lilinde kama mboni ya jicho.

Watoto wa farasi wawekwe kando kwenye kazi ya kingamwili. Kondo la nyuma la farasi halipitishi kingamwili, hivyo mtoto huzipata zote kwenye maziwa ya kwanza. Ukimpima mapema unampima mama yake.

Wangapi watoshe? Ukitarajia kipimo kitakachowapata 85 kati ya 100 na ukataka makadirio yasiyopotoka zaidi ya asilimia 7 kila upande, utahitaji kama farasi 100 wenye tegu, na kundi la wasio nao liwe na idadi ya kulingana. Namba hiyo huwavunja moyo wengi. Afadhali ikuvunje moyo sasa kuliko baada ya miaka miwili.

Hatua ya 2: Vuna kile anachokitoa tegu

Tegu hana mdomo wala utumbo. Hula kupitia ngozi yake na hutoa kupitia hiyohiyo, kwa hiyo unachokivuna kwenye majimaji yake ni kile ambacho farasi hukutana nacho kila siku. Kusaga mnyoo mzima ni rahisi zaidi, lakini utapata misuli na mayai kwa wingi, protini ambazo kinga ya farasi huziona pale tu mnyoo anapokufa na kuoza.

Wachukue tegu wakiwa hai, mara tu baada ya utumbo kufunguliwa. Wabebe kwenye maji ya chumvi yenye bafa ya fosfati, yakiwa na joto la nyuzi 37 hadi 38, ndani ya chupa ya kutunza joto. Wengi huwaweka kwenye barafu wakidhani wanawahifadhi. Tegu hupigwa na bumbuazi, hufa, huvuja, na mavuno yako yanakuwa supu ya maiti.

Waoshe mara kadhaa hadi maji yawe safi. Kisha watie kwenye majimaji ya kukuzia yenye glukosi na dawa za kuzuia bakteria, bila seramu ya mnyama yeyote, kwa sababu albumini ya seramu itazifunika protini zako zote. Maji ya saa ya kwanza yamwage, au yahifadhi peke yake: hayo yana damu, ute na kingamwili za farasi zilizoganda kwenye ngozi ya mnyoo. Baada ya hapo kusanya kila baada ya saa chache, na kila mara watazame. Tegu aliye hai hujikunja na kujinyoosha. Chupa yenye tegu waliolegea usiichanganye na nyingine hata kama mavuno ni haba.

Zungusha majimaji polepole kuondoa mayai na vipande, ongeza vizuizi vya vimeng'enya vinavyokata protini, gawa kwenye mirija midogo, gandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Gawa kweli. Mrija mmoja mkubwa unaoyeyushwa na kugandishwa mara sita hauna thamani.

Tegu huyu hutoa pia vifuko vidogo sana vya utando vilivyobeba protini. Ukiwa na sentrifuji ya kasi kubwa, ya mara 100,000 ya nguvu ya mvutano, au nguzo ya kuchuja kwa ukubwa, tenga vifuko na majimaji yaliyobaki. Protini za ndani ya kifuko huvumilia vimeng'enya vya utumbo vizuri kuliko zile zinazoelea, jambo la maana kwa anayelenga kinyesi.

Hatua ya 3: Tenganisha, kata, soma

Pima kiasi cha protini kwa njia ya Bradford, kisha zipitishe kwenye jeli yenye umeme ili zitengane kwa ukubwa. Angalizo: usitumie jeli ya kawaida peke yake. Antijeni iliyoleta kipimo cha kwanza cha kuaminika cha tegu wa farasi, iliyoelezwa na Proudman na Trees mwaka 1996, ina uzito wa kilodaltoni 12 na 13 tu. Protini ndogo hivyo hukimbia na kutoka chini ya jeli ya kawaida huku wewe ukipendezwa na mistari minene ya juu. Andaa jeli ya trisini, inayoshika protini ndogo.

Kata jeli vipande, vunja viungo vya salfa kwa kemikali ya DTT, vizuie visijifunge tena kwa iodoasetamidi, weka tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, usiku kucha kwa nyuzi 37. Peptidi zinazotoka, yaani vipande vifupi vya protini, hupelekwa kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa vipande na kukisia mpangilio wa asidi za amino. Vaa glavu na koti safi. Keratini ya ngozi ya binadamu huongoza orodha nyingi za wanaoanza, na sufi ya sweta huongeza ya kondoo.

Namba za mashine hazina maana bila hifadhidata ya kulinganisha. Tafuta mpangilio wa jeni zinazofanya kazi kwa Anoplocephala, uutafsiri kuwa protini, uunganishe na protini zote za farasi na orodha ya uchafu wa kawaida. Protini za farasi ni lazima ziwemo, la sivyo albumini ya farasi italazimishwa kufanana na kitu cha mnyoo. Jenomu za tegu wa jamii nyingine, kama Echinococcus, Taenia solium na Hymenolepis microstoma zilizotolewa mwaka 2013, husaidia kutaja majina ya protini. Kikomo cha utambuzi wa makosa kiwe asilimia 1.

Kanuni ya "protini ikubaliwe ikiwa na peptidi mbili" ni nzuri, ila itumie kwa akili. Protini ya kilodaltoni 12 ikikatwa na tripsini hutoa peptidi chache, na pengine moja tu ndiyo yenye urefu unaofaa mashine. Ukifuata kanuni kwa upofu utaitupa ile uliyoitafuta. Protini ndogo zenye peptidi moja nzuri ziweke kwenye orodha ya kungoja, uzikague kwa macho.

Hatua ya 4: Punguza orodha bila huruma

Utapata mamia ya protini. Juu kabisa utakuta enolesi, protini za mshtuko wa joto, aktini, na vimeng'enya vya kuchoma sukari. Zinavutia kwa wingi wake. Zote hizi ni ndugu wa protini za farasi mwenyewe, za strongili na hata za bakteria, kwa hiyo kingamwili zinazozishika zinaweza kuwa zimetoka popote.

Pitisha kila protini kwenye maswali haya, kwa mpangilio huu. Je, ilionekana kwenye chupa zote za tegu hai, au kwenye moja tu? Je, inafanana kiasi gani na protini ya farasi? Na ya strongili, askaridi, Echinococcus? Je, iko kwa wingi wa kutosha? Je, inatolewa na tegu mzima, au ni ya mayai, ambayo hutoka kwa mafungu na itakurudisha kwenye tatizo la mwanzo?

Zinazobaki zinaweza kuwa kumi au ishirini. Protini zinazobeba mafuta, zikiwemo ndugu wa antijeni B ya Echinococcus, na vizuizi vidogo vya vimeng'enya, ni mahali pazuri pa kutazama, kwa kuwa tegu huzitegemea sana, na zile za ukoo wa antijeni B wanyama wenye uti wa mgongo hawana. Lakini undugu na Echinococcus uleule ndio hatari yake. Kagua sehemu kwa sehemu: mara nyingi kipande kifupi cha protini ni cha Anoplocephala pekee ingawa protini nzima ni ya ukoo.

Hatua ya 5: Iulize damu

Sasa fanya bloti ya Western. Hamisha protini kutoka jeli hadi kwenye utando, ulowanishe kwa seramu ya farasi, kisha utumie kingamwili ya pili inayoshika IgG(T), aina mojawapo ya kingamwili za IgG za farasi. Aina hiyo ndiyo iliyoonyesha uhusiano mzuri na idadi ya tegu. Ukitumia kingamwili inayoshika IgG zote utapata utando mweusi mzima.

Usichanganye seramu za farasi kumi kwenye chupa moja. Farasi mmoja mwenye majibu makali atawasemea wote tisa. Pima mmoja mmoja, angalau kumi wenye tegu wengi, kumi wenye wachache, kumi wasio nao, na wachache wenye minyoo wengine tu. Mstari unaoonekana kwa wenye tegu na kukosekana kwa wengine ndio wako.

Kabla ya kusherehekea, rudia utando mmoja ulioloweshwa kwanza kwenye sodiamu metaperiodeti, inayoharibu sukari zilizoshikamana na protini. Mstari ukipotea, kingamwili zilikuwa zinashika sukari. Hizo hupatikana kwa minyoo mingi, tena bakteria wa kawaida wa maabara hawataweza kukutengenezea protini yenye sukari hizo.

Kwa wanaotafuta protini ya mnyoo ndani ya kinyesi, njia ni tofauti kidogo: chanja mnyama mwingine kwa protini yako, pata kingamwili, uzitumie kunasa protini kutoka kwenye maji ya kinyesi. Kwa jamii za Taenia na Echinococcus antijeni za kinyesi zinazodumu mara nyingi huvumilia kuchemshwa. Jaribu kuchemsha sampuli yako. Kinachobaki kikisomeka ni kigumu vya kutosha kustahimili utumbo na safari ya kwenda maabara.

Hatua ya 6: Itengeneze, kisha ipime kwa ELISA

Huwezi kutegemea tegu wa machinjioni milele. Kila fungu huwa tofauti. Ingiza jeni ya protini yako kwenye bakteria Escherichia coli ikiwa na mkia wa histidini, isafishe kwa nguzo ya nikeli. Kumbuka tu kwamba kila farasi anaishi na E. coli tumboni na ana kingamwili dhidi yake. Mabaki kidogo ya bakteria yatawasha kila kishimo. Kwa hiyo safisha mara mbili, na kila sahani iwe na kidhibiti: protini isiyohusika yenye mkia uleule, iliyotoka kwa bakteria walewale.

ELISA, kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi, yenyewe ni ya kawaida. Protini hupakwa kwenye sahani ya vishimo 96 ndani ya bafa ya kaboneti ya pH 9.6 usiku kucha kwenye friji. Nafasi zilizobaki huzibwa kwa maziwa yaliyotolewa mafuta. Seramu, kingamwili ya pili yenye kimeng'enya, rangi, kusoma kwa nanomita 450. Kiasi cha protini na cha seramu vitafute kwa kuvipimia pamoja, safu kwa nguzo, usinakili namba za mtu mwingine. Weka seramu moja yenye tegu na moja isiyo nao kwenye kila sahani, ili sahani ya Jumatatu iweze kulinganishwa na ya Ijumaa. Mate yanafaa pia, na kipimo cha mate cha kuuzwa tayari kipo. Yana kingamwili kidogo kuliko damu, kwa hiyo usiyazimue kupita kiasi.

Hatua ya 7: Weka kikomo bila kujidanganya

Gawa farasi wako mafungu mawili kabla ya kuangalia matokeo yoyote. Fungu la kwanza litumie kuchora mchoro wa ROC, unaoonyesha kwa kila kikomo wangapi wenye tegu wananaswa na wangapi wasio nao wanaitwa chanya kimakosa, na kuchagua kikomo. La pili lipime baadaye, na mtu asiyejua hesabu za tegu. Ukichagua kikomo na kukipima kwa farasi walewale, namba zako zitapendeza na zitaanguka siku ya kwanza nje ya maabara yako.

Kisha fikiria malisho kipimo kinapokwenda. Tuseme kinawapata 85 kati ya 100 wenye tegu na kinawaachia 85 kati ya 100 wasio nao. Kwenye farasi 1,000 ambao 300 wana tegu, watakaoitwa chanya ni 360, na 255 kati yao ni wa kweli. Peleka kipimo kilekile mahali ambapo wenye tegu ni 100 tu: chanya ni 220, wa kweli 85. Kipimo hakijabadilika hata chembe, ila sasa zaidi ya nusu ya farasi wanaopewa dawa hawakuihitaji. Ripoti yako itaje hali zote mbili.

Hatua ya 8: Mfuate farasi baada ya dawa

Chagua farasi hai waliothibitika kuwa na tegu, wapewe chini ya daktari dawa ya prazikwanteli, au pairanteli kwa kipimo maradufu, kisha chukua damu, mate na kinyesi siku ya dawa, baada ya wiki moja, wiki mbili, na kila mwezi hadi mwezi wa sita. Kinyesi cha saa 24 baada ya dawa usikikose kamwe: tegu wanaokufa huachia mayai mengi, na farasi aliyekuwa hasi kwa darubini jana anaweza kuthibitika leo.

Wakati wa ufuatiliaji wazuie wasirudi kwenye malisho yenye utitiri, la sivyo maambukizo mapya yatakuharibia mchoro. Tegu mpya huhitaji wiki sita hadi kumi kukomaa.

Kiashiria cha kinyesi kinapaswa kushuka ndani ya siku chache. Kingamwili za damu zitachukua miezi, na hilo si kosa la kipimo mradi ulilisema tangu ukurasa wa kwanza. Tangu mwaka 2023, iliporipotiwa Marekani kwamba prazikwanteli na pairanteli zote mbili zilishindwa kuwaondoa tegu kwenye kundi la farasi, madaktari wanauliza kama dawa imefanya kazi wiki mbili baada ya kuitoa. Ikiwa protini yako haiwezi kujibu hilo, iandike wazi kwenye karatasi ya maelekezo, pamoja na idadi ya miezi ambayo farasi aliyepona anaweza kuendelea kusoma chanya.